Namba Nane za Vikram

Yule mzungu wa Finland hajui salamu. Barua pepe zake huanza katikati, kama mtu anayeingia jikoni kwako bila hodi na kufunua sufuria. Asubuhi ile aliandika hivi, bila hata habari za siku nyingi: "Draiva hii ni chafu na haina mtunzaji. Tutaiondoa kwenye toleo lijalo, isipokuwa mtu ajitokeze aisafishe, na athibitishe kwamba chombo chake bado kipo mahali kinafanya kazi."

Nilikuwa kibarazani kwangu Rau, kikombe cha chai mkononi. Mimi ni mtu wa hasira kwanza, machozi baadaye, kwa hiyo nilimsema kwanza, tena kwa Kichagga, lugha ambayo Finland haifiki. Halafu nikaweka kikombe chini.

Ndani kabisa ya kompyuta kuna kiini cha mfumo kinachoitwa kernel. Hicho ndicho kinachozungumza na vyuma, na kwa kila chuma kinahitaji mkalimani, ambaye ndiye draiva. Kiini tunachotumia sisi ni mali ya wote. Kinaandikwa na watu waliotawanyika duniani, na wasimamizi kama huyu wa Finland ndio wanaoamua kipi kibaki na kipi kitupwe. Ile draiva chafu niliiandika mimi, Lukresia, nikiwa ndiyo kwanza nimetoka chuo. Chombo inachokifanyia ukalimani alikiunda rafiki yangu Vikram, katika chumba cha nyuma ya duka la baba yake hapa Moshi mjini. Vikram amefariki, huu ni mwaka wa pili. Draiva ikitupwa, bodi aliyoiunda kwa mikono yake inakuwa bubu, na mimi sikuwa tayari kumpoteza tena.

Wala halikuwa suala la huzuni yangu peke yake. Bodi moja ilikuwa bado kazini, katika zahanati ndogo ya masista huko juu kwetu Kilema. Inalinda betri za sola na friji ya chanjo. Kila baada ya muda mfupi kompyuta inaiuliza hali, nayo inajibu: betri zimebaki kiasi gani, friji ina baridi kiasi gani, mlango umefungwa au uko wazi. Sista Dominika, anayeisimamia zahanati, alinipigia simu wiki ileile.

"Lukresia, kompyuta yetu inatakiwa iwekwe mfumo mpya," alisema. "Fundi anasema huo mfumo mpya utakuja bila bodi ya Vikram. Anataka aing'oe."

"Asiiguse, Sista. Nakuomba."

"Sijamruhusu. Ile ndiyo iliyoniita siku friji ilipozima na mimi niko kanisani. Lakini usikawie, mwanangu, mfumo wa zamani nao umeanza kugoma."

Nikamwambia sitakawia. Nilipokata simu nikakumbuka kwamba mara ya mwisho kuifungua ile programu, Vikram alikuwa hai na tulikuwa tunagombana.

Tuligombana sana, na ugomvi wetu mkubwa ulikuwa mmoja. Tulikaa dawati moja tangu kidato cha kwanza. Mimi nimezaliwa Januari, yeye Aprili ya mwaka uleule, na jambo hilo halikumwingia akilini hata siku moja. Baba yake, Mzee Rajendra, alikuwa fundi wa redio na televisheni, na dukani kwao kulinukia risasi ya kuchomelea pamoja na tangawizi ya chai ya mama yake, Mama Malti. Tulipomaliza chuo wenzetu walikimbilia Dar. Sisi tulirudi kwenye chumba kile cha nyuma tukaanzisha kampuni ya watu wawili, na mkurugenzi akawa yeye, kwa sababu chumba kilikuwa cha baba yake.

"Lukre, umeingia ofisini hujamwamkia mkurugenzi," angesema kila asubuhi, miguu juu ya meza.

"Nikuamkie wewe? Mtoto wa Aprili?"

"Mkubwa ni mkubwa."

"Mkubwa wa nani? Shusha miguu, nataka kuweka kompyuta."

"Utaniamkia tu. Ipo siku utaniamkia mpaka uchoke."

Sikumwamkia. Mwanamke wa Kilema hamwamkii mtu aliyezaliwa miezi mitatu baada yake, hata amletee sambusa, na Vikram alileta sambusa mara nyingi akijaribu. Nyumbani kwetu alipendwa kuliko mimi. Mama yangu alikuwa akimpikia mtori usio na nyama, kwa kuwa kwao nyama hawali. Mtori bila nyama ni uji tu wa ndizi, mama alinung'unika, lakini sufuria ya Vikram haikukosa mekoni.

Vipuri tulivitoa kwenye televisheni mbovu za Mzee. Kulikuwa na kijidude kimoja cheusi chenye miguu minne, ambacho kazi yake ilikuwa kuzuia hitilafu ya umeme wa betri isiruke ikaunguza kompyuta. Kilikuwa na ila moja tu: kiligeuza kila kinachopita. Ukituma moja, upande wa pili inafika sifuri. Ukituma sifuri inafika moja. Nilimwambia Vikram tutafute kingine. "Vipo vingi, vyote vya bure," alisema. "Wewe geuza huko kwako." Basi nikawa nageuza. Ndivyo fanksheni yangu ya kusoma majibu, yaani kile kipande cha draiva kinachopokea jibu la bodi na kulichambua, ilivyoanza kuota mafundo. Nilipohitaji hali ya betri niligeuza, nilipohitaji baridi ya friji niligeuza tena mahali pengine, na mlango nao kwingine.

Halafu kulikuwa na zile namba nane. Kila swali la kompyuta lilianza na namba nane alizonipa Vikram, na kila jibu la bodi lilianza na namba nane za kwake.

"Hizi za swali ni ufunguo, usizibadili," alisema. "Za jibu ziruke tu, wala usihangaike kuzigeuza."

"Ni za nini?"

Akacheka kile kicheko chake cha puani. "Utazielewa ukikua."

Nilikuwa na haraka, sikuuliza tena. Tulipoifikisha draiva kwenye kernel, wasimamizi wa siku zile hawakuwa wakali, ikapita na mafundo yake yote. Tulisherehekea Kiboriloni, kwenye kibanda cha ndizi za kuchoma, tukijiona tumeiteka dunia. Bodi hatukuuza nyingi. Kampuni ilikufa kifo cha kawaida, mimi nikapata kazi za mbali za kufanyia nyumbani, yeye akaenda Dar, na kule moyo wake ukasimama ghafla akiwa hajafika hata miaka arobaini.

Ili kuisafisha draiva nilihitaji bodi ya kujaribia. Nikaenda mjini kwa wazazi wake. Duka wamempangisha kijana wa simu, wao wanaishi juu yake.

"Shikamoo, mzee. Shikamoo, mama."

"Marahaba, Lukresia," alisema Mzee Rajendra. "Umekonda. Huli?"

"Nakula, mzee. Nimekuja kuomba bodi ya Vikram, kama mliiweka."

Mama Malti aliinuka. Aliingia chumba cha ndani akakaa kidogo, akarudi nayo imefungwa kwenye kitambaa cha kijani. Alinipa kwa mikono miwili. Nikamweleza habari ya Finland, na ya zahanati, na kwamba nitairudisha nikimaliza.

"Usiporudisha si neno," alisema, "mradi iwe inafanya kazi. Humu kabatini haina kazi yoyote."

Nilishindwa kuimaliza chai yake, na chai ya Mama Malti sikuwahi kuibakiza maishani. Sisi wa Kilema tunazika nyumbani, kwenye kihamba, kati ya migomba. Unafungua mlango asubuhi unamwona mtu wako, unampa habari za nyumbani, maisha yanaendelea. Vikram alichomwa kwa desturi ya kwao na majivu yake yakaachiwa maji. Ni desturi nzuri na sina neno nayo, ila mimi iliniacha sina pa kwenda. Miaka miwili nimekuwa na maneno ya kumwambia, na sijui nisimame wapi.

Nikaanza kazi. Kupanga upya fanksheni ni kama kupogolea migomba. Kwenye shina unaacha mama, mtoto na mjukuu, chipukizi nyingine unakata zote, na ukishamaliza mkungu unatakiwa uwe uleule. Hubadili inachofanya, unabadili inavyokifanya. Niliona aibu na raha kwa pamoja kusoma mistari ile. Mistari karibu mia tatu, na katikati yake nilikumbuka hata tulikuwa tunakula nini siku nilipoandika kipande gani. Nilikuwa binti mwenye haraka sana. Nilimpenda yule binti, na chumba kile, na kelele za Mzee Rajendra akijaribu spika upande wa pili wa ukuta.

Nilimtumia msimamizi rasimu ya kwanza. Akajibu mstari mmoja: "Namba nane zisizo na maelezo mwanzoni mwa swali ni za nini? Ondoa. Uliza swali moja kwa moja."

Nikaona ana hoja. Ufunguo wa nini, kwa bodi inayosoma betri? Nikaziondoa, nikaunganisha bodi, nikaiuliza hali yake moja kwa moja.

Kimya.

Nikauliza tena. Nikabadili waya, nikapima umeme, nikapuliza vumbi, nikaisugua miguu ya vijenzi kwa mswaki wangu mwenyewe. Kesho yake pia kimya. Nikaamini kwamba bodi imefia kabatini, na nikaanza kutunga maneno ya kumwambia Mama Malti, na ya kumwambia Sista. Kila nilichotunga kilikuwa kibaya. Hasira yote iliniisha, na hiyo ndiyo hali ninayoiogopa, maana nikikosa hasira ndipo najua nimeshindwa.

Katika kazi yetu ukipotea unarudi nyuma hatua moja moja mpaka pale ulipokuwa bado unaona njia. Nikarudi. Hatua ya mwisho niliyokuwa nimepiga ilikuwa ni kuondoa zile namba nane za swali. Nikazirudisha mahali pake, bila matumaini, nikauliza tena.

Bodi ikajibu papo hapo.

Sasa sikilizeni. Katika usafi wangu mpya nilikuwa nimeacha kugeuza mahali patatu. Jibu lote niligeuza mara moja tu, mlangoni, linapoingia, kichwa hadi mkia, ndipo nikaligawa. Kwa hiyo na zile namba nane za mwanzo, ambazo sikuwahi kuzigeuza tangu tuanze, ziligeuzwa pamoja na nyingine. Skrini yangu inapoonyesha jibu huweka namba upande wa kushoto, na upande wa kulia, kama namba zinasimama badala ya herufi, inaweka herufi zenyewe. Nikatazama kulia. Mwanzoni mwa jibu paliandikwa: marahaba.

Nilikaa nikiangalia. Halafu nikazigeuza zile nane za swali, ufunguo ule nisiotakiwa kuubadili. Shikamoo.

"Mshenzi wewe," nilisema kwa sauti. "Mshenzi mkubwa wewe, Vikram."

Nikacheka mpaka jirani yangu Gladys akachungulia juu ya ua kuuliza kuna nini. Miaka yote ile, katika kila mashine tuliyofunga, draiva yangu niliyoiandika kwa vidole vyangu ilikuwa ikimwamkia, kila inapouliza jambo, mchana na usiku, sikukuu na siku za kazi. Naye alikuwa akiitikia. Na nisipomwamkia hajibu. Nilikuwa nimemwendea mkubwa na kumrukia na maswali bila salamu, nikashangaa kwa nini amenyamaza. Hata mtoto wa chekechea wa Kilema asingefanya kosa hilo, nami nilifundishwa kulifanya na mtu wa Finland.

Kicheko kilipokwisha, machozi yakachukua zamu. Nililia hasa, kilio nilichokuwa nadaiwa tangu msibani, kwa sababu kule msibani nilikuwa nimekasirika tu.

Nikamkumbuka bibi yangu Mektrida. Bibi alikuwa wa kwanza kanisani kila Jumapili, lakini mbege, pombe yetu ya ndizi, ikiiva, kabla hajaonja, alimwaga kidogo chini ya mgomba na kumtaja mdogo wake Yakobo, aliyekufa akiwa kijana. Alimsemesha kwa adabu kana kwamba anasema na baba yake. Nilikuwa mtoto mdomo wazi, nikamuuliza: bibi, huyu si mdogo wako? Hakunigombeza. "Alikuwa mdogo wangu," alisema. "Ametangulia, sasa ni mkubwa."

Nilifuta uso nikamwandikia msimamizi. Nilizipa namba nane za swali jina la shikamoo na nane za jibu jina la marahaba, na juu ya fanksheni nikaweka maelezo, kwa Kiingereza chao, ila maneno mawili nikayaacha kwa Kiswahili: kwetu mdogo humwamkia mkubwa kabla ya kumuuliza jambo lolote. Anaanza kwa shikamoo, na anasubiri marahaba. Bodi hii haimjibu asiyeiamkia. Tafadhali msiondoe.

Nilingoja nikiwa na wasiwasi wa kweli. Mtu asiyejua salamu angeweza kusema huu ni utoto, haumo katika kazi, tupa. Jibu lake lilikuja kesho yake mchana. Nalikumbuka lote.

"Shikamoo. Sasa imekuwa safi, na maelezo yanatosha. Ijaribu kwenye bodi iliyo kazini. Ikijibu, naipokea."

Yule bwana ana mvi kichwa kizima, nimeona picha yake. Yeye ndiye wa kuamkiwa, siyo mimi. Lakini mtu aliyejifunza salamu uzeeni haanzi kusahihishwa siku ya kwanza. Nikamwandikia marahaba, na kwamba nakwenda Kilema.

Juu kulikuwa na ukungu na baridi ile ya Julai inayokaa kwenye nguo. Sista Dominika alinipokea mlangoni mwa zahanati na koti la sufu juu ya kanzu yake.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele na milele, amina. Shikamoo, Sista."

"Marahaba. Chanjo nimezihamishia kwenye boksi la barafu, kwa hiyo fanya haraka. Nisingependa zikae humo mpaka jioni."

Bodi ilikuwa chumba cha betri, ukutani, chini ya msalaba mdogo. Vikram mwenyewe aliifunga. Niliitambua ile skrubu moja aliyoipinda akakataa kukiri. Niliweka mfumo mpya, nikaingiza draiva mpya, nikawasha. Sista alisimama nyuma yangu, rozari mkononi. Hakujua ninachokiogopa. Niliogopa kwamba bodi ya mjini ilijibu kwa sababu ilitoka kwa mama yake Vikram, na hii ya hapa haitanitambua. Ni wazo la kijinga kwa mhandisi, lakini ndilo nililokuwa nalo.

Skrini ilikaa tupu kidogo. Kisha mistari ikaanza kuingia. Betri zimejaa. Mlango umefungwa. Friji ina nyuzi nne.

"Ndiyo yenyewe?" Sista aliuliza.

"Ndiyo yenyewe. Rudisha chanjo zako, Sista."

Alinibariki kwa kidole gumba kwenye paji la uso, jambo ambalo hakuwahi kunifanyia, akatoka haraka kwenda kwenye boksi lake. Nilimtumia msimamizi matokeo, na Mama Malti nikamtumia ujumbe mfupi: inafanya kazi, mama, na nikishuka nitakuja kukueleza jambo lake moja litakalokuchekesha. Baada ya hapo sikuwa na kazi tena chumbani mle, lakini sikuondoka.

Nilivuta kiti mbele ya ukuta. Kijitaa cha kijani cha bodi kiliwaka na kuzima kila kompyuta ilipouliza. Nilikuwa na maneno mengi ya miaka miwili: kwamba mama yangu bado hupika sufuria ya mtori usio na nyama Krismasi, kwa mazoea, kwamba wazazi wake wako salama, kwamba Finland wamejifunza salamu kwa ajili yake. Lakini huwezi kuanza na habari. Nililiweka koti langu vizuri, nikakaa wima, na nikasema kwa mdomo wangu mwenyewe, siyo kwa draiva:

"Shikamoo, Vikram."

Kijitaa kikawaka, na kwenye skrini jibu lake likaingia, likianza na zile namba nane.